Bendi iliyotabiriwa na bibi: mabinti wa Wiggin

SEHEMU YA 1

Najua kuna wanaonyonyesha muda huu huku simu wameishika kwa mkono mmoja, kwa hiyo nitaenda polepole na hadithi nitaikata vipande.

Mnaonifuata siku nyingi mnajua utaratibu. Katikati ya wiki ni chanjo, uji wa lishe, na homa za meno ambazo si za meno. Alhamisi usiku, zamu ikiwa tulivu, ni hadithi ya kweli ya zamani. Ya leo ni ya bendi moja ya roki ya Marekani ambayo wengi wenu hamjawahi kuisikia. Na ukiitafuta ukaisikiliza, dakika ya kwanza utasema simu yako mbovu. Simu yako nzima, vumilia.

Kilichonikumbusha ni baba mmoja aliyemleta binti yake wa miaka tisa. Nimebadilisha mambo mawili matatu ili asitambulike. Tumbo linamuuma mtoto kila Jumamosi asubuhi. Mkojo safi, choo safi, malaria hakuna, tumbo ukilibonyeza laini kabisa. Nikamuuliza mtoto, "Jumamosi kuna nini mama?" Baba akamjibia, tena kwa furaha: Jumamosi ni mazoezi ya kuimba, mwalimu anakuja nyumbani, huyu nesi ipo siku utamwona kwenye runinga. Mtoto alikuwa anahesabu vigae vya sakafu.

Sasa yule baba si mkatili. Kafunga kibanda chake cha biashara kumleta mtoto hospitali. Kabeba chupa ya maji ya mtoto. Anajua tarehe ya kuzaliwa ya mwanawe bila kutazama kadi, jambo ambalo akina baba wengi, niseme ukweli, linawashinda. Ndiyo maana sikumjibu haraka haraka. Nilirudi nyumbani nikamkumbuka baba mwingine, Austin Wiggin, na mabinti zake.

SEHEMU YA 2

Austin Wiggin alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha pamba huko Exeter, jimbo la New Hampshire, kaskazini mashariki mwa Marekani. Yeye na mkewe Annie na watoto wao waliishi Fremont, mji mdogo wa jirani ambao miaka ya 1960 haukufikisha watu elfu moja. Usiifikirie ile Marekani ya magorofa. Fikiria sehemu ambayo ukipita na mtoto mgongoni kila mtu anajua ni wa nani.

Mama yake Austin alikuwa akisoma viganja. Siku moja, Austin angali kijana, akamsoma mwanawe mwenyewe, akamwambia mambo matatu. Atamwoa mwanamke mwenye nywele za manjano zenye wekundu. Atapata watoto wawili wa kiume baada ya yeye mama kufariki. Na mabinti zake wataunda bendi itakayopata jina.

La kwanza likawa: Annie alikuwa na nywele hizo hizo. La pili likawa: bibi akafariki, wavulana wawili wakazaliwa. Ungekuwa wewe ungefanyaje na la tatu?

Huku kwetu hatuhitaji kuelezwa uzito wa neno la bibi, hasa bibi ambaye ameshatangulia na maneno yake mawili yametimia. Wapo watu wazima wenye digrii zao ambao hawajahama nyumba kwa sababu bibi alisema. Kwa hiyo mimi simcheki Austin. Kwa mtazamo wake hakuwa anabahatisha. Alikuwa anakamilisha kazi iliyokwisha kuandikwa.

Shida ni kwamba mabinti hawakuwa na habari. Helen, Dorothy ambaye wote walimwita Dot, na Betty hawakuwa wanamuziki. Walipenda nyimbo za kwenye redio kama vijana wote wa umri wao, basi. Hawakuomba gitaa. Katikati ya miaka ya 1960 baba akawatoa shule, akawaandikisha masomo ya nyumbani kwa njia ya posta, akanunua magitaa na drams, akalipia mafunzo ya kuimba. Yote hayo kwa mshahara wa kiwandani. Nataka mlione hilo la mshahara, maana pesa hiyo ilitoka kwenye chakula cha nyumba ileile.

Dot akapewa gitaa na kazi ya kutunga. Betty gitaa pia. Helen akakaa kwenye drams. Mdogo wao Rachel baadaye alikuwa anaingia mara mojamoja na gitaa la besi. Jina alichagua baba: The Shaggs, kutokana na mtindo wa nywele uliokuwa kwenye fasheni wakati huo, na wale mbwa wenye manyoya mengi.

Ratiba ya nyumbani ilikuwa hivi. Asubuhi baba akiwa kazini, mazoezi ya muziki. Halafu masomo ya posta. Mchana mazoezi tena. Jioni baba karudi, wamekula, wanampigia asikilize. Akitaka, baada ya hapo ni mazoezi ya viungo, kuruka na kunyanyua miguu, au warudie nyimbo tena kabla ya kulala. Wavulana wa kuwatembelea hakuna. Kutoka kutoka hakuna.

Mmoja wenu kaniandikia pembeni: "Dada nesi, hao ni watoto wa umri gani?" Swali zuri sana, maana hapo ndipo penye ugumu. Walipoingia studio mwaka 1969, Betty alikuwa bado hajafika miaka 20, lakini Dot alikuwa amefika na Helen ameshapita. Hawakuwa watoto wa chekechea. Walikuwa mabinti wakubwa ambao hawakuwahi kuonyeshwa kwamba neno "hapana" nalo ni jibu.

SEHEMU YA 3

Mara ya kwanza kupanda jukwaani ilikuwa mwaka 1968, mashindano ya vipaji pale Exeter. Watu walizomea. Wengine wakawarushia makopo ya soda.

Niishie hapo kidogo, kwa sababu mimi ni mama na hilo la makopo linanikaa kooni. Wewe umekaa ukumbini, mwanao yuko juu, anazomewa. Utafanya nini? Nadhani wengi tungepanda tukamchukua, tukaenda naye kununua chipsi, tukalia wote wawili. Mabinti wenyewe waliona aibu sana. Baba akawaambia warudi nyumbani wakafanye mazoezi zaidi.

Halafu akakodi ukumbi wa mji wa Fremont. Kila Jumamosi usiku kukawa na dansi, The Shaggs jukwaani, mama Annie mlangoni kwenye tiketi, na kaka zao wakisaidia. Na vijana walikuja! Fremont hapakuwa na mahali pengine pa kwenda Jumamosi. Walicheza, walicheka, walizomea, wiki ijayo wakarudi. Wengine walikuwa wakiwatania kwa sauti katikati ya wimbo. Dada hao wakaendelea kupiga, nyuso zimetulia, macho mbele, Jumamosi baada ya Jumamosi, kwa miaka.

Walipiga pia kwenye nyumba ya kulelea wazee. Kipande hiki nakipenda, kwa kuwa nimewahi kufanya kazi wodi ya wazee na najua hadhira ile ilivyo. Mzee hakuzomei. Mzee akipenda anagonga kidole kwenye kitanda, asipopenda analala. Nikiwaza jioni moja tu ambayo mabinti wale walipumua jukwaani, huwa nafikiria wakiwa pale.

Kumbuka wenyewe hawakuwahi kwenda kuona bendi nyingine ikipiga. Hawakujua jukwaa la watu wengine linafananaje. Mtoto akilelewa bila dirisha, chumba chake ndiyo dunia.

SEHEMU YA 4

Tarehe 9 Machi 1969 Austin akawapakia kwenye gari mpaka Revere, jimbo la Massachusetts, kwenye studio ya Fleetwood. Inasimuliwa kwamba walipoanza kupiga, watu wa studio walimshauri baba kwa upole kuwa mabinti hawajawa tayari. Yeye akasema anataka kuwarekodi wakiwa bado wa moto.

Sasa nieleze muziki wenyewe, maana ndio umewaleta mpaka humu.

Jaribu kuwaza watoto watatu kwenye foleni ya chanjo, kila mmoja analia kwa wakati wake. Drams za Helen zinakwenda na safari yake. Magitaa yanakwenda na yake, na hayajafungwa nyuzi sawasawa. Juu yake Dot na Betty wanaimba, na gitaa linafuata sauti neno kwa neno, silabi kwa silabi, kama mtoto anayejifunza kusoma anavyofuata mstari kwa kidole. Hakuna kiitikio unachoweza kukidaka mara ya kwanza. Unasubiri drams ziwakute wenzake, hazifiki.

Mafundi wa studio walisimulia jambo moja ambalo mimi linanishangaza kuliko yote. Katikati ya wimbo mabinti walikuwa wanasimama ghafla. Mmoja anasema tumekosea, turudie. Wanaanza upya. Mafundi wanatazamana: wamekosea wapi? Ninyi mmeelewa maana yake? Yale hayakuwa makelele ya watu wasiojua wanachofanya. Walikuwa wanajua kila noti inakaa wapi. Wameifanyia mazoezi asubuhi, mchana na usiku miaka nenda rudi. Wao watatu walikuwa na kanuni yao, na nje ya nyumba ile hakuna aliyeijua.

Ndugu zangu wenye pacha au watoto waliofuatana kwa karibu mtanielewa. Kuna lugha watoto hutunga wenyewe wakiachwa muda mrefu pamoja. Wewe mama husikii kitu, wao wanacheka.

Nyimbo zilikuwa 12, na albamu ikaitwa Philosophy of the World. Dot alitunga kuhusu vitu vilivyokuwa karibu yake. Kuna wimbo wa paka anayeitwa Foot Foot ambaye kapotea. Kuna wa sikukuu ya Halloween, ile ya watoto kuvaa vinyago. Na kuna mmoja unaouliza wazazi ni nani.

Huo wa wazazi niliusikiliza mara ya kwanza nyumbani kwa kaka yangu, mpenzi wa santuri za zamani, yeye anacheka mpaka anashika mbavu. Mimi sikuweza kucheka. Dot anaimba bila utani wowote kwamba wazazi ndio wanaojali, ndio walio upande wako siku zote. Anamaanisha. Na aliyemfanya aimbe hivyo alikuwa amesimama pale studio, upande wa pili wa kioo.

Kuna wanaosema Dot aliandika kejeli. Hapana, mimi sioni kejeli. Nimeona watoto wengi mno wodini wakimtetea mzazi ambaye ndiye sababu ya wao kuwa pale. Mtoto hafanyi unafiki. Anampenda, na anaumwa tumbo, vyote kwa pamoja.

Santuri zilizoagizwa zilikuwa 1,000. Familia ikapokea kama 100. Nyingine 900 zikatoweka, na mtu aliyekabidhiwa kazi hiyo akatoweka nazo. Pesa ya kiwandani ikaenda. Walizobaki nazo waligawa huku na huku, redio chache za jirani wakazigusa, ukimya.

Nimeitwa. Mama wa kitanda cha tatu anataka kwenda chooni na hataki kusindikizwa na mwanafunzi. Narudi.

SEHEMU YA 5

Nimerudi. Chai imepoa.

Baada ya ile santuri, dansi za Jumamosi ziliendelea mpaka mwaka 1973 viongozi wa mji walipozisitisha. Hapo ndipo Helen anapoingia kwenye hadithi kwa miguu yake mwenyewe.

Helen, yule wa drams, mkubwa wao, alipata mchumba. Alikuwa na miaka 28 alipoolewa. Na aliolewa kwa siri. Akarudi nyumbani kwa wazazi kama kawaida, akakaa miezi kadhaa akiwa mke wa mtu huku analala kwenye chumba chake cha usichana, kwa sababu alishindwa kumwambia baba. Miaka 28, mama zangu. Umri huo wengi wenu humu mna watoto wawili na mgogoro na mwenye nyumba.

Baba alipojua alichukua bunduki akamfuata mkwe. Polisi wakaingilia. Wakamwambia Helen achague mwanaume mmoja kati ya hao wawili. Akamchagua mumewe, akaondoka. Baba akanuna kwa miezi, halafu ikaisha, na Helen akarudi kupiga drams.

Kila nikifika hapa nasoma tena. Akarudi kupiga drams.

Mwaka 1975 Austin aliwarekodi mara ya pili. Rekodi hizo zilikuja kutolewa mwaka 1982, na ukizisikiliza utashangaa: wamejifunza. Drams na magitaa sasa wanasalimiana. Bado ni wageni masikioni lakini ni bendi. Huwa nawaza kama baba yule angewaacha wajifunze kwanza, bila watu, bila makopo, wangefika wapi na wangefika na nini mioyoni.

Mwaka huohuo, 1975, Austin akafariki. Mshtuko wa moyo. Na bendi ikafa naye. Hakukuwa na ugomvi, hakukuwa na kikao cha familia cha kuvunja bendi. Aliyekuwa anataka iwepo hayupo tena. Walipofika nyumbani kutoka mazikoni hakuna aliyesema twende tukafanye mazoezi.

Dada hao wakaingia kwenye maisha. Dot alikuwa akisafisha nyumba za watu. Betty alifanya usafi shuleni, kisha akafanya kazi kwenye ghala la vyombo vya jikoni. Helen alisumbuliwa na sonona kali iliyomzuia kufanya kazi. Sonona haina mzizi mmoja, na mimi sitamwekea Austin kila kitu mabegani. Lakini kama una ndugu wa namna hiyo nyumbani, ambaye watu wanamwita mvivu au wanasema anaringa, mlete tuongee naye. Hilo nalirudia kila wiki na nitaendelea kulirudia.

Na ile nyumba? Mama Annie aliiuza. Mnunuzi akawa na hakika kwamba mzuka wa Austin bado unatembea ndani. Hakutaka kukaa. Akaikabidhi kwa zimamoto wa Fremont wakaichoma moto kwa ajili ya mafunzo yao. Vyumba vya mazoezi na vyote vikaishia hapo.

SEHEMU YA 6

Sasa ile ahadi ya tatu ya bibi.

Zile santuri chache zilizobaki zilikuwa zinapita mkono kwa mkono. Mwanamuziki Frank Zappa akazisikia, akazipenda, akazipiga redioni katika miaka ya 1970. Mwaka 1980 wanamuziki wa bendi ya NRBQ wakahakikisha albamu inatolewa upya, miaka mitano baada ya Austin kuzikwa. Magazeti makubwa yakaandika. Kurt Cobain wa Nirvana, katika orodha aliyojiandikia ya albamu 50 anazozipenda, aliiweka namba tano. Mwaka 1999 ikatolewa tena, jarida la The New Yorker likatuma mwandishi, Susan Orlean, mpaka New Hampshire kuwatafuta. Wakaandikiwa hadi mchezo wa kuigiza wenye nyimbo, uliochezwa Los Angeles na baadaye New York mwaka 2011.

Mabinti wa Austin wakawa bendi yenye jina. Neno la bibi lilitimia.

Sasa naomba tusikimbilie kusema "si mnaona, baba alikuwa sahihi." Najua wapo watakaosema, nawafahamu mpaka kwa majina. Alichotaka Austin ni bendi ya kupendwa na vijana, kama zile za redioni. Kilichotokea ni kingine. Wapo waliowasikiliza ili wacheke, wanawaita bendi mbaya kuliko zote duniani. Wapo waliowasikiliza kwa mshangao wa kweli, wakasema hawajawahi kusikia kitu kisichoiga mtu yeyote namna hii. Makundi yote mawili yaliwapenda kwa sababu ambayo Austin asingeielewa. Na dada wenyewe walikuwa wanasafisha nyumba za watu walipoambiwa kuwa ni maarufu. Watu wanalia kwa hisia kwa sababu ya wimbo wa paka, na wao wanashangaa. Betty hakuficha kwamba kile kipindi hakikuwa cha furaha kwake.

Mwaka 1999 Dot na Betty walipanda jukwaani New York katika sherehe ya NRBQ. Helen hakuwapo. Alifariki mwaka 2006.

Dot yeye hakuacha kuimba. Mwaka 2013, akiwa mwanamke wa miaka sitini na kitu, akatoa albamu yake, Ready! Get! Go!, na wanamuziki vijana nyuma yake. Hakuna baba kwenye kiti. Hakuna mazoezi ya viungo. Hapo huwa natabasamu peke yangu hapa zamu, mpaka wenzangu wanauliza kuna nini.

Mwaka 2017 kukawa na tamasha la Solid Sound huko North Adams, Massachusetts, linaloandaliwa na bendi ya Wilco. Dot na Betty wakaimba nyimbo za 1969. Nyuma yao waliwekwa wanamuziki waliosomea kazi hiyo, na walikuwa wamekaa na ile santuri wakajifunza kila mdundo wa Helen, kila noti ya gitaa lililofunguka, wapige vilevile ilivyokuwa. Wataalamu kabisa. Wakakiri kwamba kazi ilikuwa ngumu. Kile alichokipiga Helen kwenye drams, akiwa na baba yake upande wa pili wa kioo, mtu wa chuo cha muziki ilibidi akae chini akisome kama somo. Na mbele yao umati umesimama, na safari hii hakuna aliyeshika kopo la soda.

Wengi mmeniuliza yule binti wa Jumamosi ikawaje. Nilimwomba baba anisaidie kupeleka karatasi dirisha la malipo, foleni mnaijua, nikabaki na mtoto. Nikamuuliza kama anapenda kuimba. Akasema anapenda, ila jikoni, akiwa na mama anapika. Nikamuuliza Jumamosi angependa kufanya nini. Akafikiria sana, kama mtu aliyeulizwa swali la mtihani. Akasema, "Kulala."

Baba aliporudi nikamwambia mbele ya mtoto, kwa heshima yake yote. Sikumsimulia habari za Marekani wala za bunduki. Nilimwambia dawa ya tumbo ni Jumamosi moja ya kulala, halafu tuone. Alikaa kimya muda mrefu, amekunja ile risiti ya malipo mpaka ikawa ndogo kama kibiriti. Akasema, "Nesi, mwalimu nimeshamlipa mwezi mzima."

Nikamwambia najua.

Watarudi Jumanne. Sasa niacheni nikapime joto, saa kumi hii.